Hodi kwa Kalunde

Usiku wa jana niliota namba ya nyumba yangu imebanduka mlangoni, imevaa koti la mvua, inaondoka.

Nilikuwa nimekaa kibarazani nikichambua maharage. Namba ikashuka ngazi polepole, kwa adabu, kama mgeni aliyesikia jembe linatafutwa.

"Unakwenda wapi?" nikaiuliza.

"Umeme umekatika," ikajibu. "Ukirudi utaletewa mwenzangu."

"Nani ameamua?"

"Wakubwa."

"Wakubwa gani?"

"Mimi namba tu, Baba Nyamizi. Sijawahi kuwaona."

Sikushangaa. Hata nikiwa macho ndivyo ninavyojibiwa.

Hapa nisimame kidogo nieleze, maana ndoto yenyewe haielezi kitu. Mke wangu Kalunde alifariki mwaka jana. Alikuwa anauza asali, na nyumba yetu hapa Tabora watu waliiita kwa jina lake: kwa Kalunde. Mimi nimeijenga tofali kwa tofali, lakini hakuna aliyewahi kusema anakwenda kwa Sizya. Binti yetu, Nyamizi, ni muuguzi huko Ufini, kwenye baridi. Alipokuja kwenye arobaini alikuwa na sauti kumi na saba za mama yake, alizozirekodi kwa simu miaka ya nyuma. Mama yake anaimba akichuja asali. Mama yake anagombana na mteja aliyerudisha chupa yenye sisimizi. Ya saba ni fupi kuliko zote. Kuna mtu alipiga hodi, Nyamizi akachelewa kuwasha, kwa hiyo hodi haimo. Kinachosikika ni Kalunde tu: "Karibu. Sukuma, mlango umevimba."

Sauti hizo Nyamizi alizitia kwenye kompyuta kuukuu, akaiweka chumba cha asali, akaiunga kwa waya kwenye rauta, kile kisanduku cha mtandao. "Baba," akaniambia, "sauti ya mama isikae kwenye mashine za watu. Ikae nyumbani kwake. Mimi nikiwa kule nitakuja kuisikiliza hapahapa."

Shida, akanieleza, ni kwamba huko mtandaoni nyumba yetu haina namba ya kudumu. Kila umeme ukikatika, wenye mtandao wanatupa namba nyingine, hawaulizi wala hawaagi. Sasa mtu aliye Ufini atajuaje tulipo? Basi akatuandikisha jina, kwakalunde, kwenye daftari la majina lililoko ng'ambo. Ndani ya kompyuta akaweka kijiprogramu, yeye anakiita mjumbe. Namba ikibadilika, mjumbe anakimbia mpaka kwenye daftari na kusema: kwa Kalunde sasa ni hapa. Jina linabaki, namba inahama. Anayeita jina anafika.

Sharti ni moja. Kila siku thelathini unaletewa ujumbe kwenye simu, unabonyeza Thibitisha. Usipobonyeza, jina linafutwa, na anayelitaka analichukua.

Nilibonyeza miezi yote. Mwezi huu sikubonyeza. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nimethibitisha vitu kuliko profesa. Nimethibitisha laini ya simu kwa vidole kumi. Nimethibitisha kwamba mimi ni mimi. Mwaka juzi nilithibitisha kwamba mimi ni mzima, kwa barua, kwenye ofisi niliyokwenda kwa miguu yangu mwenyewe, na wakaniambia nirudi wiki ijayo. Nikasema basi. Nyumba yangu, mke wangu, nithibitishe kwa nani?

Jana jioni Nyamizi akaniandikia: "Baba, jina mwisho wake ni kesho. Kesho ndiyo mama anatimiza mwaka. Nataka nisikie ile ya saba. Bonyeza, tafadhali." Sikumjibu. Umeme ulikuwa umekatika, nikalala na hasira yangu.

Sasa turudi kibarazani.

Namba imeshakata kona. Nasikia kikohozi chini ya kiti. Nainama, namwona mjumbe. Kimo chake ni cha kuku wa kienyeji, amevaa kaptula iliyopigwa pasi, na kwapani ana daftari la ukurasa mmoja. Anatoka jasho.

"Shikamoo, Baba Nyamizi."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Kwenye daftari la majina. Kila dakika tano nakwenda kusema bado tupo palepale."

"Wanakujibuje?"

"Wanaandika: hakuna mabadiliko."

"Tangu lini?"

"Tangu arobaini."

"Na hujachoka?"

"Sikuandikwa kuchoka," anasema. Anafuta jasho kwa ukurasa wake. "Lakini leo wamenirudisha. Wanasema jina limebakiza mpaka adhuhuri, na wanamtaka mwenyewe."

"Mimi siendi," nasema, na naona tumeshafika.

Ofisi ya Majina iko ndani ya ungo wangu wa maharage. Ni ukumbi mkubwa, sakafu ya saruji, na ndani yake nyumba zimepanga foleni. Kila nyumba imebeba mlango wake kwapani kama mkeka. Kuna nyumba za tembe, nyumba za bati, kibanda kimoja cha duka ambacho bado kina mteja ndani, anaomba chenji. Ghorofa moja lenye vigae linaingia, halisalimii mtu, linapita mpaka mbele.

"Mbona lile halipangi foleni?" namuuliza jirani yangu wa mbele, nyumba ya bati iliyokaa kama mwalimu mstaafu.

"Lile lina namba ya kudumu," inaninong'oneza. "Halijawahi kuhama. Hata umeme ukikatika, kwake haukatiki."

"La nani?"

"Usiniulize, mzee. Mimi nina madirisha."

Dirishani amekaa muhuri wa mpira. Kwa kabila ni Mzaramo. Sijui nilijuaje, lakini Mnyamwezi humtambua mtani wake hata akiwa mpira. Sauti yake ni ya Pazi, fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Huyo Pazi ni mtani wangu. Siku ya msiba alisimama mlangoni kwangu, kama watani wanavyofanya, akavaa kanga ya Kalunde na kuwapokea waombolezaji kwa sauti yake: "Karibu, sukuma, mlango umevimba." Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilimfukuza kabla hajaonja chakula cha msiba, na mpaka leo hatusalimiani.

"Mnyamwezi!" anasema muhuri. "Babu zako walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu. Wewe kubonyeza kitufe umeshindwa?"

"Na wewe Mzaramo umekujaje kazini? Leo hakuna ngoma?"

"Ipo jioni. Nimeuza paa ili nichangie."

Foleni nzima inacheka, mabati yanalia. Nyumba ya mwalimu mstaafu inashika paa lake kwa mikono miwili.

"Haya, shida yako," anasema muhuri.

"Jina la mke wangu lisifutwe."

"Thibitisha."

"Sithibitishi. Namba mnabadilisha ninyi. Umeme mnakata ninyi. Halafu mimi ndiye nije kuwaambia nilipo?"

Muhuri ananitazama. Uso wa muhuri uko chini, kwa hiyo inambidi alale chali kwanza.

"Nina swali dogo," anasema, na sasa hatanii. "Mtu amehamishwa, hakusema. Anayemtafuta akapotea njia. Kosa la nani?"

"La aliyemhamisha."

"Sawasawa. Na yule aliyekuwa anasubiri kufikiwa, jibu hilo lilimfaa nini?"

Muhuri anageuka, ananionyesha benchi la ukutani. Viatu jozi thelathini vimekaa, vimefunga kamba, vinasubiri.

"Hao wanalitaka jina lako. Kalunde Viatu. Wanasema lina mvuto."

"Mke wangu alikuwa anatembea pekupeku!"

"Ndiyo maana wanasema nafasi ipo." Anajigonga mara moja mezani, bila wino. "Sikiliza, mtani. Uthibitisho haufanyiki hapa. Nenda mlangoni, piga hodi, ujibiwe. Jina ni la nyumba inayojibu. Ukijibiwa nitasikia, nitagonga."

"Nipige hodi kwangu mwenyewe?"

"Kwa Kalunde. Hapa imeandikwa kwa Kalunde."

"Miaka thelathini na moja sijawahi kupiga hodi pale."

"Ndiyo maana daftari halikujui," anasema muhuri, na anaita nyumba inayofuata.

Tunatoka. Mjumbe anasoma ukurasa wake huku anakimbia. Anasema namba mpya imetoka, ina vipande vinne na nukta katikati, na tukichelewa kuisoma itabadilika tena. Ukumbi unakuwa korido, korido inakuwa mtaa wetu, mchana kweupe, bila mtu. Mbele ya mashine ya kusaga limesimama gari la wagonjwa. Injini inanguruma.

Gari hilo nalijua, ingawa sikuwahi kuliona.

Dereva ameegemea mlango. Ni mweupe wa unga kuanzia nywele mpaka kandambili, hata kope.

"Shikamoo, mzee. Samahani, kwa Kalunde ni wapi? Nimepewa namba arobaini na moja. Arobaini na moja ndiyo hapa, lakini hapa wanasaga."

"Umefika lini?"

"Mwaka jana, saa nane mchana. Niliambiwa mgonjwa hapumui vizuri, niwahi." Anapangusa unga kwenye saa yake. "Bado nawahi."

Miaka mitatu iliyopita vijana walitumwa mtaani na makopo ya rangi nyekundu. Wakaifuta arobaini na moja kwenye mlango wetu, wakaandika sabini na sita. Arobaini na moja wakaipa mashine. Kwa nini, hawakujua, walitumwa. Wakaacha karatasi, mwenye nyumba ajaze aipeleke ofisini, ili madaftari yote yajue. Kalunde akanipa. "Baba Nyamizi, ipeleke hii." Nikamwambia wao ndio waliobadilisha, wao ndio waje. Baada ya wiki akanipa tena, mikono yake ina asali. Nikaitia mfukoni kumnyamazisha. Na siku ile kifua kilipombana, mimi ndiye niliyepiga simu. Wakaniuliza wapi. Nikasema kwa Kalunde, kila mtu anapajua. Aliyepokea akatazama daftari lake, na humo bado tulikuwa arobaini na moja.

"Kumbe mlihama?" anauliza dereva.

"Hatukuhama. Namba ndiyo ilihama."

"Basi kuna mtu hakuambiwa," anasema, wala hana hasira. "Nani alikuwa aseme?"

Mwaka mzima ninayo majina ya kujibu swali hilo. Mwenyekiti wa mtaa. Waliomtuma mwenyekiti. Aliyenunua rangi. Aliyepokea simu. Nayajua kwa mpangilio, nayasoma kila siku kama uradi. Natia mkono mfukoni niyatoe. Mfukoni mna karatasi. Imekunjwa mara nne, na juu yake kuna alama ya kidole cha asali.

Nampa.

Dereva anaikunjua kwa uangalifu ili unga usiingie. "Ahaa. Sabini na sita." Anahesabu nyumba kwa macho. "Si ile pale? Ya tano kutoka hapa?"

"Ndiyo," nasema. "Ya tano."

Anaitikia kwa kichwa. Kisha ananyoosha mkono ndani ya gari, anazima injini. Katika ndoto nzima, kilichonitisha ni kimya kile.

Mjumbe ananivuta suruali. Jua limekaribia utosini.

Nyumba yetu ipo, lakini imekuwa ndefu, ukuta wake unapita mtaa mzima na kuingia porini kwenye miombo. Una milango mitupu, mlango kwa mlango.

"Iko mingapi?" nauliza.

"Elfu sitini na tano, mia tano thelathini na mitano. Kila nyumba ya mtandaoni inayo. Hamwioni kwa sababu imefungwa."

"Na wetu upi?"

"Ule mmoja aliouacha wazi Nyamizi, kwa ajili yake."

Nagusa wa kwanza. "Nimefungwa," unasema. Nagusa wa pili. "Nimefungwa." Kuna mmoja unasema "Nimefungwa" kabla sijaugusa, kama karani anayekwenda kula. Tunatembea. Nilipofika wa mia nne nikaacha kugusa, nikawa natazama tu, na hapo ndipo nikauona. Mbao imevimba kwa mvua. Sabini na sita nyekundu, na chini yake arobaini na moja ambayo haikufutika vizuri.

Nausukuma kwa bega, kama ninavyofanya siku zote.

"Nani?" unasema mlango.

"Mwenye nyumba."

"Wote husema hivyo. Wezi ndio husema kwa sauti kubwa zaidi."

"Mimi ndiye niliyekutundika hapo! Bawaba nilinunua mimi!"

"Bawaba nazijua," unasema mlango. "Wewe sikujui. Hujawahi kusema kitu hapa nje. Unapita tu."

Nyuma yangu nasikia vishindo vidogo. Viatu vimefika. Vinajipanga mstari, jozi thelathini, na cha mbele kinasafisha koo.

"Baba Nyamizi," anasema mjumbe, "mimi nimepiga hodi kila dakika tano tangu arobaini. Haiumi."

Yeye hajui. Ukipiga hodi mlangoni kwako, umekubali kwamba ndani yupo mtu anayeweza asijibu. Mwaka huu wote nimeingia nyumba ile kwa bega. Nimeingia kwa kelele, nikiwatukana wakubwa tangu kibarazani mpaka jikoni, ili nisisikie kulivyo kimya.

"Hodi," nasema.

Sauti inatoka ndogo. Ni ya mtu aliyeishia darasa la nne.

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Viatu vinasogea hatua moja mbele, vyote pamoja. Kwa desturi yetu hodi ni tatu. Zikiisha hujajibiwa, unarudi ulikotoka na hununi. Mjumbe amefumba macho, daftari amelikumbatia. Jua liko utosini, sina hata kivuli cha kusimama nacho.

Naliweka paji la uso kwenye mbao.

"Hodi, Mama Nyamizi. Ni mimi. Ile karatasi sikuipeleka."

Ndani kitu kinawekwa chini, kama chujio juu ya ndoo. Hatua za miguu isiyo na viatu zinakuja.

"Karibu," anasema Kalunde. "Sukuma, mlango umevimba."

Nasukuma. Mbali sana, ndani ya ungo wa maharage, muhuri anagonga: ta!

Ta ile ilikuwa friji. Umeme umerudi. Kumekucha, jogoo wa Pazi anawika upande wa pili wa ukuta, na kwenye chumba cha asali taa za rauta zinapepesa kijani. Nikakurupuka kutafuta simu nibonyeze kitufe kabla ya adhuhuri.

Kulikuwa na ujumbe umeshaingia. "Jina kwakalunde limethibitishwa." Mimi sikuwa nimebonyeza kitu.

Chini yake kulikuwa na mwingine, wa Nyamizi.

"Asante sana baba. Nimeingia. Ile ya saba nimeisikiliza mpaka nimechelewa kazini. Ila baba, si unakumbuka ilikuwa inaanza moja kwa moja na karibu? Sasa kabla ya mama kuna mtu anapiga hodi. Mara tatu, ya tatu anasema na maneno mengine, siyasikii vizuri. Huyo ni nani? Sauti yake ndogo, kama mtu anayeogopa asijibiwe."